Unasomea Kukimbia?

Kila mwanachama mpya anapojiunga na chama chetu, tunajitambulisha mmoja mmoja tukizunguka meza. Wa uhandisi anasema lake, wa sheria anasema lake, wa afya ya jamii anapigiwa makofi. Zamu yangu ikifika nasema, "Nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya ukocha wa michezo," na kimya kidogo kinapita. Kisha mtu mmoja, na mara nyingi ni mtu wa Mombasa, anauliza: "Yaani umekuja kusomea mpira?" Watu wanacheka, nami nacheka nao.

Mama yangu aliuliza hivyo hivyo siku nilipomwonyesha barua ya chuo. "Mwanangu, unapanda ndege kwenda Ulaya kusomea kukimbia? Mbona watoto hapa wanakimbia bila cheti?"

Mhariri wa jarida letu ameniomba nijibu swali hili kwa maandishi, mara moja na kwa wote, ili tusilirudie kila Ijumaa. Nimekubali. Ila naomba radhi mapema: jibu langu si la kuchekesha sana, kwa sababu ndani yake kuna msichana mmoja na mguu wake.

Kabla ya kuja Uingereza nilikuwa mwalimu wa shule ya sekondari ya bweni katika milima ya Mbulu, mkoani Manyara. Nilifundisha Jiografia na Kiswahili. Kwa kuwa nilikuwa kijana na nilikuwa na raba, mkuu wa shule akanikabidhi na michezo. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu ya ukocha: ujana na raba. Nikanunua filimbi, saa ya kupimia mbio na daftari kubwa lenye jalada gumu. Nililipenda sana daftari lile. Kila siku niliandika tarehe, majina, umbali na dakika.

Ukifundisha riadha pande zile huhitaji kutafuta mashujaa. Filbert Bayi, aliyekimbia mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974 akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho na kuvunja rekodi ya dunia, ni mzaliwa wa Karatu, jirani tu. Na John Stephen Akhwari ni wa Mbulu kwenyewe. Habari zake mnazijua. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 alianguka akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 18 hawakumaliza. Yeye alimaliza wa 57, wa mwisho kabisa, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Uwanja ulikuwa karibu kuwa mtupu. Leo wengi hawakumbuki nani alikuwa wa pili siku ile, lakini Akhwari wanamkumbuka.

Mimi habari hiyo niliisimulia kila muhula, na niliisimulia vizuri. Nilikuwa naishusha sauti ninapofika kwenye bandeji.

Sasa kuhusu huyo msichana. Jina lake nalihifadhi. Alikuwa kidato cha tatu, mwembamba, mkimya, na alikuwa na mwendo ambao kocha huuona mara moja kwa miaka mingi. Akikimbia mita 1500 ungedhani uwanja umeinama kumsaidia. Tulipofuzu kwenda UMISSETA ngazi ya mkoa nikaona jina la shule yetu gazetini kabla halijaandikwa. Zikabaki wiki tatu. Nikaongeza mazoezi: alfajiri saa kumi na moja, na tena jioni baada ya vipindi, siku sita kwa wiki.

Wiki ya pili alinijia akasema, "Mwalimu, mguu unaniuma." Akanionyesha kwenye ugoko, upande wa ndani, kwa kidole kimoja. Nilimwambia apake dawa ya kuchua. Baada ya siku mbili akarudi: "Mwalimu, bado unaniuma." Siku hiyo tulikuwa wote uwanjani, wasichana na wavulana. Nikawakalisha kwenye majani, nikasimulia habari za Akhwari. Sikumtaja jina yule binti, ila kila mtu alijua nasema na nani. Nilimaliza kwa kusema: vumilia.

Akavumilia. Hakuniambia tena.

Siku ya mashindano alikuwa akiongoza hadi mzunguko wa mwisho. Kwenye kona alichechemea hatua mbili tatu, akakaa chini, akaushika mguu kwa mikono miwili. Hakulia. Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu, nami nikafarijika, hata nikafikiri labda ilikuwa woga. Ya pili, wiki kadhaa baadaye, ilionyesha ufa katika mfupa. Alitembea kwa magongo muhula mzima, na hakukimbia tena mashindano. Mwaka uliofuata nikahamishwa, maisha yakaendelea, na mimi nikaendelea kuisimulia habari ya Akhwari katika shule nyingine.

Nikaja hapa. Miezi ya kwanza niliona kama nimeingia chumba cha rubani. Maabara ina mashine ya kukimbilia, barakoa ya kupimia oksijeni unayoitumia, sindano ndogo ya kutoa tone la damu ili ipimwe laktati. Nilipiga picha za kila kitu nikazituma nyumbani. Niliamini kwamba nilichokosa Mbulu ni vyombo, na kwamba kama ningekuwa na vyombo yule binti asingeumia.

Kilichonivunja imani hiyo ni somo lisilohitaji umeme. Mwanasayansi wa Uswidi, Gunnar Borg, alitengeneza kipimo cha ugumu wa kazi kwa kumsikiliza anayeifanya. Hupimi chochote mwilini mwake. Unamwonyesha namba na maneno yake, naye anakuambia kazi hiyo ameionaje. Kipimo chake cha mwanzo kilianzia 6 hadi 20, kikifuata kwa makadirio mapigo ya moyo ya 60 hadi 200. Baadaye Mmarekani Carl Foster alichukua kipimo cha 0 hadi 10 na kukitumia kwa mazoezi mazima: kama nusu saa baada ya kumaliza, unamuuliza mwanariadha mazoezi yalikuwa magumu kiasi gani, kisha unazidisha namba yake kwa dakika. Dakika 40 zilizopewa 3 ni mzigo wa 120. Dakika zile zile 40 zikipewa 8 ni mzigo wa 320. Saa ya kocha inasoma sawa, mwili umebeba karibu mara tatu.

Tukapewa kazi: chukua kumbukumbu zako za zamani za ukocha, hesabu mizigo ya wiki kwa wiki, eleza unachokiona. Wenzangu walifungua kompyuta zao. Mimi nilimwomba mdogo wangu nyumbani apige picha kurasa za lile daftari lenye jalada gumu, nikakaa nazo usiku. Dakika zilikuwepo. Wiki za kawaida: siku 4 za dakika 40, jumla 160. Wiki tatu za mwisho: dakika 40 asubuhi na 50 jioni kwa siku 6, jumla 540. Nilimpandisha mtoto zaidi ya mara tatu kwa usiku mmoja. Nilipotaka kuzidisha, sikuwa na cha kuzidishia. Ukurasa mzima haukuwa na safu hata moja ya kile alichosema yeye. Aliniambia mara mbili, kwa mdomo wake, na mara zote mbili sikuandika.

Niliwasilisha hivyo hivyo. Mhadhiri alirudisha kazi yangu na swali moja pembeni: upande wa mwanariadha uko wapi?

Baada ya hapo kila somo lilikuwa linanirudisha Mbulu. Tulisoma kwamba mfupa ni kitu hai, nao hujikarabati kama fundi anayetoa tofali bovu ukutani kabla ya kuweka zuri. Kutoa hutangulia, kuweka hufuata polepole, na inachukua miezi. Ukiongeza mzigo ghafla katikati ya ukarabati, unaujaribu ukuta wenye matundu. Maumivu ya aina hiyo mara nyingi mtu anaweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, na picha za mwanzo mara nyingi hazionyeshi ufa. Nilikumbuka kidole kile. Nilikumbuka nilivyofarijika kwa eksirei ile.

Tukasoma pia habari za upungufu wa nishati. Mwaka 2014 wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walitoa tamko kwamba mwanariadha anayekula pungufu ya anachotumia, wa kike au wa kiume, mwili wake huanza kubana matumizi kama kaya yenye mshahara mdogo. Ukuaji, kinga, mifupa, vyote hupunguziwa bajeti, na kwa msichana hedhi inaweza kupotea. Yule binti alikuwa akikimbia saa kumi na moja alfajiri bila kitu tumboni. Uji ulikuwa saa nne. Kati ya hapo kulikuwa na vipindi, na Hisabati. Jioni alikimbia tena, ndipo akaenda kwenye ugali na maharage. Kuhusu hedhi, mwalimu wa kiume kumuuliza binti ana kwa ana ingekuwa fedheha kwa wote wawili, nalielewa hilo. Lakini shule ilikuwa na matroni, mama mmoja wa makamo aliyejua mambo ya kila msichana bwenini, na nilikunywa naye chai karibu kila siku. Sikuwahi kumuuliza lolote zaidi ya habari za asubuhi.

Hapa najua kuna msomaji anayesema: haya yote yanahitaji shahada ya uzamili? Ni swali la haki. Mtawa wa Ireland, Colm O'Connell, alifika Iten nchini Kenya mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's, bila kuwa na elimu ya riadha. Mwalimu wa jiografia, kama mimi. Kutoka kwenye mikono yake alitoka David Rudisha, aliyeshinda mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Ukocha wake aliusomea uwanjani, mbele ya wakimbiaji wenyewe. Kwa hiyo cheti si lazima. Watafiti Jean Côté na Wade Gilbert, katika andiko lao la mwaka 2009, walisema kocha anahitaji maarifa ya aina tatu: ya mchezo wenyewe, ya kuishi na watu, na ya kujijua mwenyewe. Mimi nilikuwa na robo ya aina ya kwanza, na nilidhani ndiyo yote. Wako wanaozipata zote tatu bila kuvuka bahari. Mimi nimelazimika kuvuka.

Nisiwe mwongo lakini: kuhusu Akhwari sijabadilisha mawazo. Alichofanya ni kikubwa. Kosa lilikuwa langu, la kulinganisha visivyolingana. Yeye alikuwa mtu mzima, aliumia kwa ajali ndani ya mbio, na uamuzi wa kuendelea siku ile moja ulikuwa wake. Binti yule alikuwa mtoto, aliumia kidogo kidogo kwa ratiba niliyoiandika mimi, na aliyeamua aendelee ni mimi. Niliazima ushujaa wa mtu mmoja nikaufanya amri kwa mwingine.

Tasnifu yangu sasa inahusu jambo dogo: namna ya kumuuliza mwanariadha kijana anayeongea Kiswahili mazoezi yalikuwa magumu kiasi gani. Nilidhani kutafsiri namba 0 hadi 10 ni kazi ya mchana mmoja. Wale mliokuwepo kwenye kikao cha Februari mnajua kilichotokea. Niliweka karatasi mezani nikaomba maneno, na saa mbili baadaye tulikuwa bado tunabishana. Mwenzetu wa Unguja alisema mtu aliye "hoi" hawezi hata kujibu swali, kwa hiyo neno hilo liwe la 10. Wa Dar akasema yeye huwa hoi kila akitoka kwenye daladala. Wa Nairobi akatukumbusha kwamba mtu akisema "nimechoka" huenda amekuchoka wewe.

Lakini kutoka kwenye ubishi ule niliondoka na vitu viwili ambavyo sikuvipata kwenye kitabu chochote hapa. Cha kwanza ni tofauti ya maneno matatu ambayo sote tunayatumia bila kufikiri: naumwa, inaniuma, nimeumia. La kwanza ni ugonjwa, la pili ni maumivu, la tatu ni jeraha. Yule binti aliniambia mguu "unaniuma". Kazi yangu kama kocha ilikuwa kuuliza maswali mpaka tujue kama bado tuko kwenye kuuma au tumeshafika kwenye kuumia. Cha pili ni neno mazoezi lenyewe. Linatokana na kuzoea. Nimelitamka maelfu ya mara bila kulisikia. Mwili hupewa mzigo, kisha huachwa uuzoee, na kuzoea kunatokea mtu akiwa amelala na ameshiba. Wiki zile tatu mimi nilitoa mzigo tu. Kwa maana halisi ya neno, hayakuwa mazoezi.

Mwezi Machi nilipata namba yake ya simu. Ana miaka 24 sasa, ana mashine yake ya kushonea, anafanyia kazi Babati. Nilikuwa nimeandika maneno ya kumwambia kwenye karatasi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za Ulaya?"

"Nzuri, baridi tu." Nikasoma karatasi yangu. Nilimwambia nimepiga kumwomba radhi kwa ajili ya mguu, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba sasa najua lilikuwa kosa gani. Mlio wa cherehani ulikoma.

"Mguu ulishapona mwalimu," alisema. "Baridi ikizidi ndio unanikumbusha." Akanyamaza kidogo. "Ila mimi nilikwambia. Halafu ukatusimulia Akhwari. Baada ya Akhwari mtu anasemaje tena kwamba mguu unamuuma?"

Kwenye karatasi yangu hakukuwa na jibu la swali hilo. Nilisema tu, "Ni kweli."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Mdogo wake wa kike yuko kidato cha pili, anakimbia mita 800, na mwalimu wao mpya anawaamsha saa kumi na moja. "Radhi nimeipokea mwalimu. Sasa zungumza na huyo."

Kuzungumza na kocha mwingine kuhusu ukocha wake ni kazi ngumu kuliko insha yoyote niliyoandika hapa. Nilimtafuta, tukaitana mwalimu kwa mwalimu, sikumtajia shahada. Nilimweleza habari za mguu kama nilivyowaeleza ninyi, kisha nikamtumia ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye maswali manne ya kumuuliza kila mkimbiaji: Jana ulilalaje? Umekula nini, na saa ngapi? Kuna mahali panakuuma ambapo unaweza kuonyesha kwa kidole? Mazoezi ya leo unayapa namba ngapi? Chini yake niliongeza kwamba kuna mambo ya wasichana ambayo matroni akiombwa kwa heshima atayafuatilia yeye.

Alijibu usiku ule ule. "Asante mwalimu. Lakini wakishajua, si wote watasema 9 ili wapumzike?"

Ningekuwa mimi wa miaka ile ningeuliza hivyo hivyo. Nilimwandikia kwamba kwa wiki ya kwanza huenda wakajaribu, na kwamba mtoto anayesema 9 kila siku naye ana jambo anakwambia, hata kama si la mguu. Hakujibu. Nikadhani nimemkera.

Wiki iliyopita alinitumia picha ya ukurasa wa daftari lake. Amepiga mistari kwa rula, tarehe, majina, umbali, dakika, na mwishoni safu mpya aliyoipa kichwa kwa kalamu nyekundu: "Anasemaje". Namba nyingi ni 4 na 5. Msichana mmoja ana 8, 8, 9 mfululizo, na mbele ya jina lake mwalimu ameandika kwa herufi ndogo: "Alhamisi apumzike. Nimeongea na matroni."

Picha hiyo nimemwonyesha mama kwa simu ya video. Aliitazama muda mrefu, akaomba nimsomee maandishi madogo. Kisha akasema, "Kumbe ndicho unachosomea," akaniuliza kama ninakula.

Tasnifu inakusanywa Septemba. Kwenye kipimo chetu, namba 7 bado haijapata jina ambalo watu wa Unguja na wa Dar wanakubaliana. Ijumaa nitakuja na chai na karatasi. Tafadhali njooni na maneno.